Begi Lisiloingia Maji

Kila siku akitoka shule, Kifungo alivua sare, akala chakula kilichofunikwa mezani, kisha akaketi kwenye kigoda kando ya cherehani ya mama yake. Kazi yake ilikuwa kusoma simu. Mama alikuwa fundi wa mabegi ya shule, na hakuweza kushona na kusoma kwa wakati mmoja. "Begi moja la bluu, la mtoto wa darasa la tatu," Kifungo alisoma, na mama akaitikia "Mhm" bila kuondoa mguu kwenye pedali. Kifungo halikuwa jina lake la shule. Alilipata akiwa na mwaka mmoja, siku alipomeza kifungo cha koti la mteja na kuwafanya watu wazima watatu washinde wakimsubiri akitoe.

Mabegi hayo yaliuzwa mtandaoni. Mama aliyapiga picha, akaziweka kwenye ukurasa wake, akangoja. Mwanzoni alingoja sana. Ndipo mjomba, fundi simu mwenye mawazo mengi kuliko wateja, alipoleta mpango wake.

"Dada, tafuta wapiga debe," alisema. "Kila mmoja mpe neno lake. Mteja akiagiza begi, aandike neno la mtu aliyemleta. Likiuzwa, mwenye neno anapata fungu lake. Wao wanazungumza, wewe unashona."

Mama alikubali. Majirani wanne na shangazi mmoja wakajiunga, kila mtu na neno lake. Kifungo alichagua Nyuki. Binamu yake, mtoto wa mjomba, alichagua Radi. Huyu alikuwa na miaka kumi na minne na watu walimwita Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kupata mahali pa kumzimia. Mama aliwaruhusu watoto hao wawili kutumia simu yake kuukuu saa moja kila jioni, mjomba akiwa karibu.

Wiki mbili zikapita. "Begi moja la kijani, Radi," Kifungo alisoma. "Mabegi mawili mekundu, Radi. Begi moja la kahawia, Radi." Hasira zilimpanda hadi kooni. Yeye alikuwa binti wa fundi! Yeye ndiye aliyeokota vipande vya nyuzi sakafuni na kuchomwa sindano vidole vyote kumi. Redio alikuwa amefanya nini, zaidi ya kupiga domo? Na siku ile ile Redio mwenyewe akapita dirishani, akachungulia, akasema, "Vipi Nyuki, mbona mzinga mtupu?" Kifungo alimrushia kipande cha chaki ya kuchoria vitambaa. Kikamkosa, hasira zikazidi.

Jioni ile aliichukua simu, akaandika: "Mabegi imara ya shule! Hayaingii maji hata ukiyatumbukiza kwenye pipa. Agiza kwa neno Nyuki." Alisita kidogo. Begi lake mwenyewe lilikuwa la kitambaa kilekile, na siku za mvua alilifunika kwa mfuko wa nailoni, kama mama alivyomwagiza. Jambo hilo hakuliandika. Akabonyeza, ujumbe ukaenda kwa kila namba iliyokuwa humo.

Kesho yake Nyuki walikuwa watano. Siku ya tatu wakawa kumi na mmoja. Mama alisimamisha cherehani, akamtazama.

"Umewaambia nini watu hawa?"

"Ukweli tu, mama," alisema Kifungo.

Mama akatabasamu, akarudi kwenye mshono wake. Tabasamu lile lilimkera Kifungo hata yeye asijue kwa nini.

Ijumaa ya wiki iliyofuata mvua ilinyesha mchana kutwa. Jumamosi asubuhi mlango uligongwa kama unaotaka kung'olewa. Aliyeingia alikuwa dereva wa lori, mtu mpana, na nyuma yake alisimama binti yake wa darasa la nane, macho mekundu kwa kulia.

"Shikamoo," alisema Kifungo. Dereva hakuitikia. Alitua begi la kijani juu ya meza ya kukatia, katikati ya vitambaa vipya, nalo likaanza kuchuruzika.

"Fundi, hili ni lako?"

"Ni langu," alisema mama.

Dereva alitoa daftari moja baada ya jingine. Kurasa zilikuwa zimegandana, na maandishi yamekuwa madoa ya bluu. "Kazi ya mwaka mzima," alisema. "Mwanangu ana mtihani baada ya siku tisa. Nimeambiwa haliingii maji. Nimeambiwa pipa! Soma mwenyewe." Akamnyooshea mama simu. "Kesho nitaweka picha za madaftari haya kwenye ukurasa wako, kila mtu ayaone. Tuone kama utauza tena hata mfuko wa kalamu."

Kifungo alijua maana ya maneno yale. Ukurasa ule ndio uliolipa kodi ya chumba, sare yake na mafuta ya cherehani. Alinyoosha shingo, akasoma mwisho wa ujumbe, akaona neno Radi.

"Ni Redio!" alipiga kelele. "Mama, ni yule mropokaji! Ndiye anayedanganya watu, na ndiyo maana ana wateja wengi! Mfukuze!"

Redio aliitwa kutoka nyumba ya pili. Alisomewa ujumbe, akasikiliza, kisha naye akafura kwa hasira.

"Mimi?" alisema. "Mimi nilikuwa nasema yana mifuko miwili na mkanda mpana, basi! Maneno ya pipa nimeyanakili kwa Nyuki. Sisi wote tumenakili, hata shangazi. Tungejuaje? Hakuna kati yetu aliyewahi kulishika begi lenyewe. Binti wa fundi akisema haliingii maji, nani atambishia?"

Mama hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hata sasa sauti yake ilikuwa ya chini, lakini Kifungo angependa zaidi kelele.

"Lete begi lako."

Kifungo alilileta, likiwa limejaa vitabu vya wiki nzima.

"Toka nje. Pipa lile pale, limejaa mpaka juu. Litumbukize."

Kifungo alisimama mbele ya pipa la maji ya mvua, begi mikononi. Mama, dereva, binti wa dereva na Redio walisimama mlangoni wakimtazama. Daftari lake la hesabu lilikuwa humo ndani, na mchoro wa moyo wa mwanadamu uliomchukua siku tatu.

"Mama, madaftari yangu..."

"Si haliingii maji?"

Alilishusha begi mpaka likakaribia kugusa maji, akalivuta haraka, akalikumbatia kifuani.

"Linaingia," alisema.

"Umejua lini?"

"Siku zote."

"Kumbe madaftari yako yana thamani," alisema mama, na sasa sauti ikapanda, "ila ya mtoto huyu ni takataka! Sasa mgeukie, umwambie."

Kifungo alimgeukia binti wa dereva. Aliomba radhi, na maneno hayakutoka vizuri, yalitoka na makamasi. Yule binti alimtazama kwa hasira, akasema, "Mtihani wangu unakuja na sina hata ukurasa mmoja."

Basi kazi ikaanza siku ile ile. Mama alimrudishia dereva pesa zake na kumwachia begi, naye akaahirisha zile picha. Kisha alitunga ujumbe kwa kila mteja, na Kifungo akauandika kwa mkono wake mwenyewe: mabegi haya yanaingia maji, tuliwaambia uongo, anayetaka kurudisha arudishe. Sita walirudisha. Wawili walitukana, na mama akamwamuru Kifungo asome matusi yote kwa sauti, asiruke hata neno. Kuhusu madaftari, Kifungo na Redio waliazima ya wanafunzi waliosoma na yule binti, wakanakili kila alasiri kwa siku nane mfululizo. Kwa mara ya kwanza Redio alikaa saa mbili bila kusema kitu, kwa sababu vidole vilimuuma.

Mama naye hakujisamehe. Aliwaita wapiga debe wote chumbani kwake. "Kosa langu ni kuwagawia maneno bila kuwapa begi," aliwaambia. "Kuanzia leo, hakuna anayemwambia mtu chochote mpaka abebe begi hili wiki nzima, kwenye jua na kwenye mvua. Utasema ulichokiona." Shangazi alilalamika kwamba yeye ni mtu mzima, atabebaje begi la shule. Alilibeba.

Jumapili, mkesha wa mtihani, dereva alikuja kuchukua madaftari mapya. Kifungo alimwamkia, na safari hii aliitikia, japo kwa mkato. Alifungua kurasa moja moja kwa muda mrefu.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Una haki," alisema mama.

"Lakini mshono wako haujaachia hata uzi mmoja, na mwanangu hulijaza begi kama lori langu. Nipe neno na mimi. Nitawaambia madereva wenzangu kwamba linaingia maji, na kwamba halichaniki."

Mama alimtazama binti yake. "Umesikia? Begi langu halikuhitaji kutiwa chumvi. Mtu anayenunua kwa maneno yako amekukopesha imani yake. Ukimdanganya, hujamnyang'anya pesa tu. Umemfanya mtoto wake alie, na umenifanya mimi niwe mwongo bila kufungua mdomo."

Kifungo aliinamisha kichwa, akafungua daftari la wapiga debe. "Unataka neno gani, baba?" aliuliza.

"Pipa," alisema dereva.

Dereva yule alikuwa na marafiki wengi. Kwa miezi kadhaa iliyofuata Kifungo aliketi kwenye kigoda chake kila alasiri, akasoma kwa sauti huku mama akishona: "Begi moja la bluu, Pipa. Mabegi mawili ya kijani, Pipa."

"Mhm," aliitikia mama.