Samli Juu ya Sola

Kila Ijumaa mchana Mokami husafisha nyumba kwa ajili ya Sabato. Hufagia uwanja. Huosha sufuria. Kisha hukaa kwenye kigoda na kupaka vibuyu vya maziwa samli, kimoja baada ya kingine, ili visipasuke. Akimaliza vibuyu, hupaka na kigoda chenyewe. Kijiji kizima cha Machochwe hakuna anayeng'arisha vyombo kama Mokami, na yeye mwenyewe hafichi jambo hilo.

Mwaka huu alipata chombo kipya. Nguzo za umeme zilikuwa hazijafika upande wao. Basi Mokami na mumewe Wangwe wakashirikiana na jirani yao Nyangi, mama mjane, wakanunua sola. Paneli iliwekwa juu ya bati la jiko la Mokami. Betri ikakaa ndani kwa Wangwe. Nyaya za taa zikavutwa hadi kwenye mazizi yote mawili, la Wangwe na la Nyangi. Fisi wa hifadhi ya wanyama iliyo jirani walipoona mwanga, wakaacha kuja. Watu wakalala usingizi.

Miezi minne ikapita. Asubuhi moja ya Jumanne, Mokami akiwa anakamua, alisikia Nyangi akipiga yowe. Alikimbia na kibuyu mkononi.

Nyangi alikuwa na mtamba mmoja tu, na ndiye aliyemtegemea ampe maziwa. Sasa zizini kulikuwa na kichwa, ngozi iliyochanika, na damu. Kibuyu kilimponyoka Mokami kikapasuka, na maziwa yakamwagika juu ya samadi.

"Fisi," alisema Nyangi. "Taa zilianza kufifia tukiwa bado tunakula. Kisha zikazimika."

"Hata zetu zilizimika, mama!" alisema Mokami haraka.

Wangwe alifika akihema. "Yule muuza sola ametuuzia kitu kibovu!" alifoka. "Akanyage hapa leo aone!"

Nyangi aliwatazama wote wawili. "Betri iko kwenu," alisema. "Na ng'ombe wenu wapo wote." Akachukua mkeka akafunika kile kichwa.

Mokami aliokota vipande vya kibuyu. Miaka kumi na tano wameombana chumvi na moto. Leo Nyangi anawaona wezi wa mwanga.

Wangwe alimpigia simu fundi. Kabla ya saa sita akafika Elieth, binti fundi sola kutoka mjini Mugumu, akiendesha pikipiki mwenyewe.

"Shikamoo, tata. Shikamoo, mama."

"Marahaba," aliitikia Wangwe, kisha akanong'ona kwa mkewe: "Tumeomba fundi, wametuletea mtoto."

Mtoto huyo aliangalia kisanduku cha betri. Taa yake ndogo ilikuwa nyekundu. "Betri ni tupu," alisema. Kisha akachungulia nje, akashtuka. Balbu za zizi zilikuwa zinawaka, hafifu, katikati ya jua kali.

"Tata, mbona taa zinawaka saa hizi?"

"Binti, moto wa zizi hauzimwi," alisema Wangwe kwa uzito. "Baba yangu aliweka moto wa mavi ya ng'ombe zizini. Ulifuka usiku na mchana. Ukizimika ni mkosi kwa boma zima. Sasa moto wetu ni hizi taa. Mimi nizizime kwa mkono wangu?"

"Moto wa baba yako ulikula mavi, na mavi yapo tele," alisema Elieth. "Taa inakula kile ambacho jua limeweka kwenye betri. Mchana ndio wakati wa kujaza. Wewe unajaza ndoo iliyotoboka. Usiku ukifika utachota nini?"

Wangwe aligeuka akazitazama balbu.

"Ooh!" alidakia Mokami. "Kumbe ni huyu mzee! Mimi nilimwambia!" Hakuwa amemwambia chochote, lakini siku hiyo nani angebisha?

Elieth aliegemeza ngazi ukutani, akapanda juu ya jiko. Alipitisha kidole juu ya paneli. Kidole kilitoka cha kahawia, kinanata. Akakinusa.

"Mama, hii ni samli?"

"Ndiyo," alisema Mokami kwa fahari. "Kila Ijumaa. Si mlisema tukitunze chombo?"

"Mungu wangu!" Elieth alishika kichwa. "Mama, samli imeshika vumbi la miezi minne. Ni kama umeifunika sola blanketi. Jua halipenyi. Kile kidogo kinachopenya, tata anakimaliza mchana."

Mokami alitazama viganja vyake. Vilikuwa laini, vinanukia samli. Akakaa chini palepale. Yeye! Kwa mikono yake mwenyewe! Kila Ijumaa alikuwa akizima taa ya Nyangi, tena huku akiimba nyimbo za Sabato.

"Tutafanyaje?" aliuliza Wangwe kwa sauti ndogo.

"Sasa hivi kioo ni cha moto, kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka. Tusubiri kipoe. Leo tutatoa mafuta kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya maji. Baada ya leo ni maji matupu na kitambaa laini, asubuhi mapema. Na taa zizimwe kukipambazuka. Hata kule mjini kwenye umeme wa nguzo tunawaambia hivyo hivyo. Watu ni wengi, umeme tunagawana. Taa unayoiwasha bure ni giza kwa mwenzako."

"Giza hilo lilikuwa langu," ilisema sauti.

Ni Nyangi. Alikuwa amesimama kando ya ua, na alikuwa amesikia yote. Aligeuka akaenda zake.

Jioni hiyo Mokami aliisugua paneli mwenyewe, machozi yakidondoka kwenye ndoo. Kesho yake alfajiri Wangwe alisimama mbele ya swichi kama mtu anayeambiwa amshike nyoka. Akafumba macho, akabonyeza. Mbingu hazikuanguka. Siku ya tatu taa ya kisanduku ikawa ya kijani, na usiku mazizi yote mawili yakawaka mpaka kukapambazuka. Fisi walilia mbali, huko huko hifadhini.

Lakini Nyangi hakuja tena kuomba chumvi.

Baada ya wiki tatu ng'ombe wa Wangwe alizaa ndama jike. Ijumaa ya wiki hiyo, mapema, Mokami alifuta paneli kwa maji kwanza. Kisha yeye na mumewe wakamswaga ng'ombe na ndama wake hadi kwa Nyangi.

"Ndama ni wako," alisema Wangwe. "Mama yake mkamue mpaka mtoto aache kunyonya, kisha uturudishie. Mtamba wako tulimuua sisi, kwa kutojua."

Nyangi alimtazama ndama. Kisha akatazama zizi lao, kule ng'ambo ya ua.

"Taa zenu mmezima?" aliuliza.

"Tangu alfajiri," alijibu Wangwe.

Nyangi akafungua lango la zizi lake.