Hatua Kumi na Nane Kati ya Mageti

Geti la stesheni lililia kama kifaranga. Natsuho alitazama kadi yake akidhani amekosea, kwa sababu sauti ile hutoka mtoto wa shule anapopita kwa nusu nauli, na yeye alikuwa na miaka thelathini na moja. Binti yake Kotoha alikuwa na miaka minne. Wa umri ule hupita bure, watoto wawili kwa mtu mzima mmoja, bila kadi wala mlio.

"Kuna kuku humo," Kotoha alisema, akacheka.

Ilikuwa saa kumi alasiri, mvua ya Juni, joto la kunata. Kila siku walitoka chekechea kwa treni nyekundu, wakashuka stesheni ya Kuzuhara, wakapita geti la kampuni ya nyekundu, wakatembea hatua kumi na nane, wakaingia geti la kampuni ya bluu kwenda nyumbani. Hatua zile kumi na nane hazikuwa za mtu. Wekundu walifagia mpaka kwenye mstari wao na wa bluu mpaka kwenye wao, kwa hiyo katikati palibaki utepe wa sakafu mweusi kidogo. Hata mwaka mpya kila kampuni ilileta kuhani wake, na kila kuhani alinyunyiza chumvi ya kufukuza mabaya upande uliomlipa tu.

Juu ya utepe ule alisimama mtoto wa kike, amevaa koti la sufu katika joto lile. Alinuka nguo mbichi iliyofungiwa kabatini. Kotoha, ambaye hawezi kula kitu bila kumgawia mwenzake, alimnyooshea nusu ya biskuti yake ya mchele. Mtoto hakuipokea. Natsuho aliinama akamuuliza mama yake yuko wapi.

"Wa huku wanasema niende kule," mtoto alijibu. "Wa kule wanasema nirudi huku."

Natsuho alitundika mwavuli begani, akampa mkono wa kushoto, akamwambia waende wakaulize pamoja. Kiganja kilichoingia ndani ya chake kilikuwa baridi kama tofu iliyotolewa sasa hivi kwenye maji.

Geti la bluu likajifunga mapajani mwake. Dirishani, kijana Nemoto aliinama, akaomba radhi, akasema kadi haionyeshi kuwa ametoka upande wa wekundu, awaone wenzao. Natsuho akarudi. Kwa wekundu, msichana Tsukuda naye aliinama, akaomba radhi zaidi, akasema kadi imeshatoka, basi suala hilo ni la wa bluu. Wote walikuwa wapole, na hiyo ndiyo ilimfanya ashindwe kugombana.

Safari ya tatu alihesabu hatua thelathini. Ya nne alihesabu sitini na moja, na watu waliendelea kupita pembeni yake na miavuli yao inayotiririka bila tone moja kumgusa, na tangazo la treni lilisikika kama linasomwa ndani ya mtungi, na harufu ya sufu mbichi ilikuwa imemjaa mpaka kooni, na alipotaka kuuachia ule mkono wa kushoto vidole havikumtii, na alipoangalia kulia akamwona Kotoha anatembea kimya, macho yamefifia, mkono wake mdogo uliokuwa wa moto tangu alipozaliwa unaanza kupoa.

Alipofika tena kwa wekundu, mzee Orikasa, aliyebakiza miezi miwili astaafu, alikuwa nyuma ya Tsukuda anajimiminia chai. Akaweka kikombe chini.

"Dada, huyu mama ana watoto wangapi?" alimuuliza Tsukuda taratibu.

"Mmoja, mzee."

"Mimi naona wawili."

Akatoka, akavuka mstari wao, akamwita Nemoto aje. Nemoto alitania kwamba wekundu leo wamewatembelea, keki iko wapi. Kisha akaiona sura ya mzee, akasogea karibu.

Orikasa alieleza kwa sauti ya chini. Mwaka wake wa kwanza kazini, wakati wa baridi, mtoto aliyepotea alikuja dirishani kwake. Akamwelekeza kwa wa bluu. Wakamrudisha. Akamwelekeza tena, kwa maneno mazuri, mara nne. Mara ya tano hakuja, na kila upande uliamini mwenzake amempokea. Hakuonekana tena. Sasa lazima akabidhiwe kama inavyotakiwa: mmoja anyooshe kidole na kutaja jina, mwenzake anyooshe kidole na kuitikia kwamba amepokea, vile walivyofanya kila siku kwa taa na milango. Nemoto aliinua kidole.

"Unaitwa nani, mwanangu?" Orikasa aliuliza.

"Kotoha," sauti ilitoka kushoto.

Kulia, binti wa Natsuho alifungua mdomo, na hakuna sauti iliyotoka. Mikono yote miwili ilikuwa baridi sawasawa. Mzee hakujua kwamba jina lile ni la binti wa Natsuho. Alifuata utaratibu, akanyoosha kidole.

"Mtoto mmoja, jina Ko—"

Natsuho alijiweka mbele ya kidole. Alielewa kwamba jina likishatajwa hapa halirudi, na atakayebaki bila jina ndiye atakayebaki kati ya mageti.

"Usimwite," alisema. "Wote ni wangu. Mtu mzima mmoja, watoto wawili. Fungua, kaka."

Nemoto alifungua.

Kwenye treni Kotoha alianza kulia njaa, kwa sauti yake mwenyewe, na mkono wake ukawa wa moto tena. Kushoto hakuonekana mtu, lakini baridi ilibaki kiganjani mwa Natsuho. Kupitia kioo Natsuho alimwona mzee Orikasa ameinama nyuma ya geti, kichwa karibu na magoti. Aliendelea kuinama mpaka treni ikaondoka.

Jioni mumewe, Ryohei, alimuuliza mbona anakuna figili kwa mkono mmoja, bakuli linakimbia mezani kote. Aliendelea kukuna. Ryohei hakumsumbua, alimshikia bakuli mpaka akamaliza. Walipokaa kula, Natsuho alipeleka mkono wa kushoto chini ya meza, akajaribu kufungua vidole, kimoja, kingine, mpaka vyote vitano vikanyooka.

Vikafungwa tena, polepole, kimoja kimoja, kwa upole.