Isale Kwenye Mkulo wa Eliona

Eliona alikuwa akiwakatia ng'ombe majani ya migomba. Mara akasikia msumeno wa mashine ukinguruma juu, penye chemchemi. Akatupa panga, akakimbia.

Chini ya mti mkubwa wa mkulo alimkuta shemeji yake, Anaeli, na mfanyabiashara wa mbao kutoka mjini.

"Shemeji, unakata mti wa chemchemi?"

"Kihamba hiki, shamba letu la migomba, ni cha ukoo. Paa langu linavuja, na huyu ameniahidi mbao."

"Mfongo unaotuletea maji ukikauka, utakunywa mbao?"

Eliona alichuma jani la isale, mmea wetu wa amani na heshima, akalifunga kwenye shina. Kwetu Machame, mti uliofungwa isale hauguswi na mtu. Anaeli akarudi nyuma. Mgeni akacheka, akaling'oa.

"Mama, msumeno haujui majani. Nafuata mafuta ya mashine. Nikirudi, nakata."

Eliona akaenda kwa jirani yake Eliaichi, mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji.

"Isale humfunga anayeliheshimu," Eliaichi alisema. "Huyu atafungwa na sheria. Mkulo umehifadhiwa. Haukatwi bila kibali cha misitu, hata ukiwa kihambani kwako."

"Sheria! Mimi niliokota kuni msituni nikafukuzwa kama mwizi. Magogo ya wakubwa yalipita barabarani mchana kweupe!"

"Niliyaona, mama. Sijasahau hata moja. Ndiyo maana tuishike sheria sisi. Tukiiacha, watabaki nayo wao."

Wakaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Naye akampigia simu afisa misitu. Walipofika naye kwenye chemchemi, msumeno ulikuwa umekwisha ng'ata gome.

"Kibali kiko wapi?" afisa aliuliza.

"Mwenye kihamba amekubali," mfanyabiashara alijibu.

"Mwenye kihamba hatoi kibali cha mkulo. Zima mashine."

Msumeno ulichukuliwa, na mfanyabiashara akapelekwa kituoni kujibu mashtaka. Anaeli alionywa vikali. Afisa akamwonyesha migrevilea ya mpakani, ambayo Anaeli aliipanda mwenyewe.

"Hiyo itakupa mbao. Pitia kwanza ofisi ya kijiji, uelezwe utaratibu."

Mvua ziliponyesha, paa la Anaeli, lililopata mbao za migrevilea, halikuvuja tena. Mkulo ulikuwa na kovu, lakini ulisimama. Hata kiangazi kilipofika, maji yalishuka mfongoni kama zamani.

Asubuhi moja Anaeli alikuja kwa Eliona, ameshika isale kwa mikono miwili.

"Nisamehe, shemeji."

Isale la msamaha halikataliwi. Eliona akalipokea.

"Nimekusamehe. Sasa kalete jembe, tukasafishe mfongo."

Wakapanda mlima pamoja kuelekea chemchemi.