Ng'ambo ya Ukuta wa Denzil

Kila majira ya kuchipua, bustani ya Denzil Trevaskis hunuka vitunguu saumu kuanzia mlangoni. Si vile vya sokoni. Ni vya mwituni, vyenye shina la pembe tatu na maua meupe. Mkewe Kerensa hutia majani yake kwenye supu, na supu hiyo ni tamu kweli. Shida ni kwamba vilikuwa vikizonga viazi.

Denzil si mvivu. Kila mwaka alivichimba, akajaza toroli, akavimwaga ng'ambo ya ukuta wa mawe, kando ya kijito. Wengi wetu hapa Kornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, tuna tabia hiyo. Kikishavuka ukuta, tunanawa mikono.

Pasaka moja mama yake, Bi Morwenna, alikwenda kijitoni kutazama maua ya manjano aliyoyapenda tangu usichana wake. Alirudi nyumbani, hata chai hakuigusa. Ukingo mzima wa kijito ulikuwa mweupe kwa maua ya vitunguu. Maua yake yalibaki mawili matatu.

Kerensa akamwita jirani yao, Bi Loveday, anayetunza njia za msituni. Bi Loveday alishuka kijitoni, akarudi na shina moja, akalinusa, akamtazama Denzil.

"Hivi vimetoka kwako."

"Nilitupa takataka tu, Bi Loveday."

"Takataka gani inayoota? Bustanini kwako ng'oa upendavyo. Lakini ukivitupa nje vikaota porini, umevunja sheria."

Denzil aliona aibu sana. Akachukua jembe, akaelekea kijitoni mbio mbio.

"Unaanza tena," Bi Loveday akamwambia. "Ukingo ule ni wa Pascoe. Mmea wa mwituni haung'olewi bila ruhusa ya mwenye ardhi, hata uwe msumbufu vipi."

Basi Denzil akaenda kwa mfugaji Pascoe, akaeleza kosa lake. Pascoe alimcheka, kisha akamruhusu, mradi asiguse mimea mingine. Denzil na Kerensa wakachimba taratibu, vitunguu na mizizi yake. Hawakuvitia kwenye mboji, maana vingechipua. Walivifunga katika mifuko myeusi, wakaviacha juani mpaka vikaoza kabisa. Vilivyochipua baadaye waliving'oa kabla havijatoa mbegu.

Miaka michache ikapita. Pasaka ilipofika, Bi Morwenna aliketi kijitoni na chai yake, ukingo ukiwa wa manjano tena. Denzil akakaa kando yake, akamuuliza kama amemsamehe.

"Nilikusamehe siku ile ulipokwenda kwa Pascoe," mama akasema. "Sasa sogea, mwanangu. Umekalia ua."