Mtoto wa Sweta la Njano

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika, kila mteja akipaza sauti ahudumiwe kwanza. Fundi fremu alinyoosha mkono achukue kopo la mwisho la vanishi, akakuta mkono mwingine umeshalishika, mwembamba, una rangi ya buluu hadi kiwikoni.

"Dada, hilo langu."

"Limeandikwa jina lako?"

Fundi akacheka, na hapo ndipo alipokwisha. Mwanamke alivaa gauni jeupe lililotapakaa rangi, nywele kazifunga kwa kitambaa cha kufutia brashi. Alikuwa mchoraji. Waligawana vanishi, wakapeana namba, wakapendana, na haukupita muda ikawa hakuna picha yake iliyotundikwa bila fremu ya yule fundi.

Basi picha zote zikapita mikononi mwake, na wivu ukamwingia humo humo. Mchoraji alichora nyumba aliyokulia: baba aliyetoka ng'ambo akinyoa ndevu huku anaimba kwa lugha yake, mama akimcheka kwa lugha nyingine, mezani chakula kikiombewa mara mbili, kila mzazi na dini yake. Na katika kila picha, kwenye ngazi, mtoto wa kiume mwenye sweta la njano.

"Huyu nani?"

"Jirani wa chini. Kwao walizungumza lugha ya tatu, tukaamua kutunga yetu wawili."

"Mlikuwa na lugha yenu?"

"Fundi! Unamwonea wivu mtoto wa miaka saba?"

"Sasa hivi ana ndevu huyo! Na mimi mbona hujanichora hata sikio?"

Mchoraji akaendelea kuosha brashi. Laiti angejibu! Kuanzia hapo kila fremu ya yule mtoto ilipigwa misumari mingi kuliko ilivyohitaji. Siku fundi alipomsikia mpenzi wake akicheka kwenye simu kwa lugha asiyoielewa, roho ilimuuma, akachukua koti lake akaondoka. Simu za mchoraji hakuzipokea tena.

Mvua zilipokatika, picha iliyofungwa kwa gazeti ililetwa karakanani. Akaifungua akiwa amekunja uso. Hakukuwa na sweta la njano. Alikuwa yeye mwenyewe, penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi, akitazama kwa jicho lake lile la kutomwamini mtu. Akaruka kwa furaha, akapiga simu.

"Mpenzi! Umenichora!"

"Ndiyo."

"Mbona huna raha?"

"Mimi huchora walioniacha, Fundi. Baba na mama waliachana, nyumba ikauzwa, jirani akahama bila kuniaga. Wewe sikukuchora kwa sababu nilikuwa na wewe. Na yule kwenye simu alikuwa shangazi yangu."

Fundi akaketi juu ya mbao, aibu imemjaa. Fremu hakutengeneza. Aliibeba picha kwapani hadi nyumbani kwa mchoraji, akaiegemeza kwenye kiti.

"Nifute."

"Picha nzuri hii, wewe."

"Mwenyewe nimerudi. Nifute, kipenzi."

Mchoraji, machozi yakimlenga, akachovya brashi kwenye rangi nyeupe. "Nianzie wapi?"

"Machoni. Hayo ndiyo yaliyotuponza."

Akaziba la kushoto. La kulia likabaki linawakodolea kwa wivu, mpaka wote wawili wakaangua kicheko, naye akaliziba pia.