Mkufu Uliooshwa

Mwalimu Wangechi alikufa akiwa na gauni lake la kanisani na mkufu wa lulu shingoni. Alilala chali sebuleni mwake, mtaani Milimani, kando ya meko ya mawe ya kuotea moto. Kisogo kilikuwa kimepasukia kwenye kona ya jiwe. Kola nyeupe ilikuwa imelowa damu mpaka ikakakamaa.

Inspekta Edinah aliinama akamtazama kwa muda mrefu. Mvua ya Nakuru ilikuwa inanyesha kwa uvivu tangu alfajiri, na nyumba nzima ilinuka unyevu na majonzi. Kola ilikuwa chafu, lakini mkufu uliokuwa juu yake ulikuwa safi.

"Hii kesi imeiva, madam," alisema Sajenti Kipkoech.

Aliyeukuta mwili asubuhi hiyo ya Jumatatu ni Adero, mfanyakazi wa nyumba, na ndani ya mkoba wake kulikuwa na mkufu wa pili wa lulu, unaong'aa kama kijiko kipya. Jackie, binti pekee wa marehemu, aliyesema amefika kutoka Naivasha baada ya kupigiwa simu, alikuwa ameshakata shauri. Adero aliiba lulu halisi, akaweka bandia mahali pake, na mama alipogundua, akamuua. Kipkoech naye hakulaza damu, akamtia Adero pingu. Mwanamke huyo alikuwa na watoto watatu mtaani Kaptembwo na hakuwa na wa kumtetea. Shtaka la mauaji lingemmeza mzimamzima.

Na kweli, lulu za shingoni zilikuwa na sura ya bandia. Hazikulingana, nyingine zilikuwa bapa kidogo, na zote zilikuwa zimefifia. Edinah hakujua lulu, ila watu aliwajua kidogo. Mafundi wa alama za vidole walipomaliza kazi, aliiweka mikufu yote miwili mezani mbele ya Adero.

Adero hakuuangalia ule unaong'aa. Aliuona ule mwingine, machozi yakamtoka.

"Nani ameziua hizi?"

"Kwani si bandia?"

"Sugua mbili pamoja, madam. Polepole."

Edinah alivaa glavu akasugua. Zilikwaruzana kama mchanga laini, zikaacha vumbi jeupe. Zile za mkobani ziliteleza tu kama vifungo vya shati.

"Mwalimu ndiye alinifunza," Adero alisema. "Lulu ya ukweli haifanani na ingine. Haitaki pafyumu, haitaki sabuni kali. Unapanguza tu na kitambaa kimelowa kidogo. Hizo za plastiki alininunulia soko, nijifunzie nazo."

"Ujifunzie ili iwe nini?"

Adero aliinamisha kichwa. Alieleza kwa shida kwamba Mwalimu aliamini lulu hutaka ngozi ya mtu ili zisififie, na kwamba siku akiondoka duniani, angetaka Adero azivae. Yeye alikataa, Mwalimu akasisitiza.

Edinah aliunusa uzi wa mkufu uliofifia. Ulinuka jiki, dawa kali ya kung'arisha nguo nyeupe. Mtu alikuwa ameuvua ukiwa na damu, akauosha, kisha akaurudisha shingoni. Adero, kati ya watu wote, asingethubutu kuuosha hivyo.

Jackie alikuwa jikoni, amekumbatia kikombe cha chai iliyopoa. Mkono wa sweta yake nyeusi ulikuwa na madoadoa ya rangi ya kutu. Jiki haisamehe nguo nyeusi.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Naivasha. Nishasema."

"Hayo madoa?"

"Ni ya zamani."

"Chupa ya jiki iko na alama za vidole. Nitapata za nani?"

Edinah aliweka mkufu mezani ndani ya mfuko wa vielelezo.

"Hizi ndizo halisi, Jackie. Jiki imezila."

Jackie alikisukuma kikombe kando.

"Nilidhani Adero amezibadilisha," alisema. "Leo asubuhi nilipoziona vile zimefifia, nilimchukia zaidi."

"Jana kulitokea nini?"

"Nilikuja kuomba mkufu. Baba alimpa siku ya harusi yao. Akaniambia ameshamwahidi Adero, eti fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwani alimzaa Adero, ama alinizaa mimi? Nikamsukuma. Mara moja tu, madam."

"Na mbona ukauosha?"

"Ulikuwa na damu." Sasa alilia waziwazi. "Mum alikuwa anapenda kuonekana msafi. Singemwacha hivyo."

Kipkoech alikwenda kumfungua Adero, akarudi na pingu zilezile, zikiwa bado na joto la mikono ya Adero. Edinah alimfunga Jackie mwenyewe. Moyo ulimuuma, akajikuta akiuliza swali lisilo la kipolisi.

"Miaka yote hiyo, mama yako hakukuonyesha vile zinaoshwa?"

"Alikuwa ananipigia niende anionyeshe," Jackie alisema. "Nikamwambia tungoje Krismasi."