Kibuyu Kilichofungwa Kamba

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, mjukuu wangu Zipora alifagia uwanja, akachota maji, kisha akapita uani kuangalia vibuyu vyake. Hapa kwetu Masumbwe, kibuyu cha kusukia maziwa yatoe siagi huanza kutengenezwa kingali kwenye mmea. Kikiwa kichanga unakifunga kamba ya katani katikati, na kadiri kinavyokua unailegeza kidogo kidogo, mpaka kipate shingo nzuri ya kushika. Mama yake, Asteria, ndiye aliyemfundisha.

Zamani Asteria alikuwa akisuka maziwa huku akiimba wimbo wa kwao, na sote tuliamshwa na sauti yake. Mwaka ule aliacha kuimba. Aliamka ameshika kichwa, akaenda nyuma ya nyumba kutapika, akarudi akisema ni malaria tu.

"Nifunge, mwanangu," alimwambia Zipora. Zipora alichukua kanga akamkaza kichwa kwa nguvu zake zote. "Na usimwambie bibi yako. Atanizuia kwenda shambani."

Zipora hakuniambia. Alitamani tu ule wimbo urudi.

Shuleni, Bujiku alimcheka. "Jana nimemwona mama yako. Kayumba barabara nzima, halafu kakumbatia mti! Kilabu gani hicho kinafunguliwa asubuhi?"

"Mama yangu hanywi pombe!"

"Basi ule mti ni shemeji yake."

Zipora alirudi nyumbani analia, akapita kwenye vibuyu. Kile kikubwa kilikuwa kimepasuka. Alikuwa amesahau kulegeza kamba. Kilikuwa kimevimba juu, kimevimba chini, na pale kwenye kamba kulikuwa na ufa unaotoa maji. Alikitazama, akanikimbilia jikoni.

"Bibi, kumbe ukikibana hakiachi kukua?"

"Hakiachi, mjukuu wangu. Kinasukuma tu kutafuta nafasi."

"Na kichwa cha mama je? Mimi ninakibana kila siku!"

Hapo akaniambia yote: kutapika, kuyumba, na jinsi mama yake alivyokuwa akipapasa ukuta mchana kweupe.

Kesho yake tulikwenda hospitali ya Kahama. Daktari Valerian alimmulika Asteria ndani ya macho, akazima tochi.

"Daktari, nikikaza kitambaa zaidi si itatulia?" Asteria aliuliza.

"Mama Zipora, kitambaa kinabana ngozi tu. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Ninahofia kuna uvimbe unaokua ndani. Kwa kuwa hauna pa kwenda, unausukuma ubongo, na macho yanaumia. Nitakupa dawa ya kupunguza ule msukumo, lakini lazima uende Dar es Salaam wakakupige picha ya kichwa. Ikiwa ndivyo, watautoa. Mizigo ya kichwani uache leo. Ukichelewa utapofuka, na hata uhai uko hatarini."

Mwanangu Adam, mume wa Asteria, alitoka machimboni Rwamgasa akamsindikiza, kwa basi hadi Shinyanga, halafu kwa treni. Ile kanga ilibaki. Zipora alilala nayo, na hakutaka niifue.

Siku zilikuwa ndefu. Basi la jioni likipiga honi, aliacha chakula akatoka mbio, akarudi polepole.

"Bibi, huko mama anaamshwa na nani?"

Asubuhi alijaribu kuimba ule wimbo. Alifika katikati akakwama. "Nimalizie, Bibi." Lakini nami sikuujua. Wimbo ule alikuwa nao Asteria peke yake, na kichwa chenyewe ndicho kilichokwenda kupasuliwa. Sikumwambia Zipora kwamba niliogopa wimbo ungepotelea humo. Nikamshika mkono tukaenda kumwagilia vibuyu vilivyobaki.

Siku moja dereva wa basi alisimama mlangoni kwetu. Adam alikuwa amepiga simu dukani kwa Mzee Ramniklal, kule Kahama. "Mzee anasema uvimbe umetolewa," dereva alisema. "Mgonjwa kaamka. Neno la kwanza kauliza, Zipora amekula?"

Zipora alicheka huku machozi yakimtoka. Jioni ile alikula sahani mbili.

Asteria alirudi wakati vibuyu vimekauka. Alikuwa amekonda, ana kovu refu kichwani, na jicho la kushoto halikupona sawasawa. Zipora alimkumbatia, kisha akamfunga ile kanga kichwani, taratibu, ikiwa imelegea.

"Kosa lilikuwa langu," Asteria alimwambia. "Nilikufunga mdomo kama wewe ulivyonifunga kichwa. Daktari alisema tungekuja mapema, jicho hili lingepona. Na tungechelewa zaidi, nisingerudi. Ukiona mtu anaumwa, sema, hata kama mwenyewe amekukataza. Kumficha si kumpenda."

"Ndiyo, mama."

Asubuhi yake Zipora alileta kibuyu kipya, chenye shingo nzuri, akaanza kusuka maziwa. Asteria aliketi kando akaanza kuimba. Alifika katikati, akanyamaza. Zipora akaacha kusuka. Nami niliuacha ufagio.

"Usiache, mwanangu," Asteria alisema. "Navuta pumzi tu."

Akaendelea mpaka mwisho.